KUPANDA MIWARIDI MIFUPI YA VISHADA KATIKA BUKOBA NA MULEBA

Karatasi hii yatoa mafunzo kwa mwenye nyumba wa Bukoba au Muleba apendaye kupanda mawaridi mbele ya nyumba yake, ama katika ardhi, ama katika madebe na vyungu. Haikuandikwa kwa mwenye shamba kubwa la maua ya kuuza ng'ambo. Imeandikwa kwa mtu mwenye kibanja chake cha migomba na mibuni, aliye na nafasi ya hatua kumi uwanjani, au kwa mtu wa mjini mwenye baraza tu.

Mara nyingi mambo huwa hivi: mche hununuliwa ukiwa na maua, huendelea kuchanua mwezi wa kwanza, kisha mvua zikija majani huanguka, matawi hubaki matupu, na mwisho mti hufa. Ndipo husemwa ya kuwa nchi hii haina baridi ya kutosha, au ya kuwa waridi ni ua la Wazungu. Maneno hayo si kweli. Adui wa mwaridi katika nchi hii ni wawili: maji yakaayo juu ya majani, na udongo ambao mvua imeuondolea chakula chake. Mwenye kuwashinda hao wawili atapata maua mara nyingi katika mwaka. Lakini liko sharti moja, na tutalieleza kwa urefu mahali pake: chakula cha mwaridi kisitolewe katika chakula cha mgomba.

1. MWARIDI TUNAOUSEMA

Miwaridi ni ya namna nyingi. Iko itambaayo ukutani. Iko mirefu itoayo ua moja kubwa juu ya kila kikonyo. Na iko mifupi itoayo maua mengi pamoja katika kishada kimoja. Katika hiyo yenye vishada imo aina iitwayo floribunda, neno la Kilatini lenye maana ya kuchanua kwa wingi. Sifa ya aina hii ilienea kwa kazi ya Svend Poulsen wa Denmark, aliyechanganya uzazi wa miwaridi midogo ya vishada na ule wa miwaridi yenye maua makubwa. Mwaka 1924 alitoa mwaridi uitwao Else Poulsen, ambao maua yake ni ya rangi ile ile tuiitayo rangi ya waridi. Ndugu yake wa karibu ni The Fairy, uliotolewa Uingereza mwaka 1932, mti mfupi wenye vishada vya maua madogo. Tangu hapo zimetolewa aina nyingine nyingi sana.

Mti wa namna hii hufika futi 2 au 3, basi watosha katika uwanja mdogo na hata katika debe. Tena wafaa katika nchi ya mvua kwa sababu mbili. Ya kwanza, kishada kina maua ya umri mbalimbali: mvua ikiharibu ua lililofunguka leo, matumba yaliyobaki hufunguka kesho na kesho kutwa. Ya pili, aina nyingi za floribunda zina petali chache, wala ua lake haliozi likiwa limefumba kama yafanyavyo mawaridi makubwa yenye petali nyingi yakinyeshewa siku tatu mfululizo.

Unapochagua mche, usitazame ua, tazama jani. Jani nene, lenye kung'aa na lisilo na madoa, ndilo ishara njema. Ukiweza, nenda ukauone mti mzima katika bustani ya jirani mwezi wa Aprili au Novemba, siku za mvua. Mwezi wa Julai kila mwaridi hupendeza. Ulio mzuri kweli ni ule wenye majani mwezi wa Aprili. Omba kipandikizi cha mti huo kabla ya kwenda kununua usioujua.

2. HALI YA NCHI

Mji wa Bukoba uko karibu na Ikweta, kando ya Ziwa Victoria, mita 1,150 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto la mchana kwa kawaida ni digrii 26 hivi, na usiku hushuka mpaka 16 au 17. Hali hiyo humfaa mwaridi kabisa. Mchana ni wa saa 12 karibu mwaka mzima, wala hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mti. Kwa hiyo vitabu vya Ulaya visemavyo ya kuwa mti upogolewe baridi inapokwisha havitufai neno kwa neno. Huku kalenda ya mwaridi hufuata mvua, haifuati baridi.

Ukanda wa ziwani ni katika sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Pwani ya Bukoba hupata milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Kadiri uendavyo magharibi, hata kuelekea Ziwa Burigi, mvua hupungua mpaka kufika milimita 1,000 au chini yake. Mvua kubwa huanza Machi na kuisha Mei. Za pili ni za Oktoba mpaka Desemba. Juni mpaka Agosti ni kiangazi. Tena mvua nyingi za kando ya ziwa huja usiku na alfajiri, ndipo majani hukaa na maji kwa muda mrefu kabla ya jua kuyakausha.

Jambo hilo la mwisho ni kubwa. Ukungu uletao madoa meusi, ambao ni ugonjwa mkuu wa mwaridi, hauwezi kuingia katika jani kavu. Mbegu zake zahitaji jani liwe na maji kwa muda wa saa 7 au zaidi. Mashamba makubwa ya mawaridi ya Naivasha nchini Kenya hulima chini ya mapaa ya plastiki, na mojawapo ya sababu ni kuzuia mvua isiguse jani wala ua. Wewe huna nyumba ya plastiki, lakini una upenu na baraza, tena waweza kuchagua mahali ambapo jua la asubuhi hufika mapema. Hizo ndizo silaha zako.

3. KUCHAGUA MAHALI

Chagua upande wa mashariki wa nyumba, au mahali popote ambapo jua hufika mara lichomozapo na kukaa saa 6 kwa uchache. Jua la asubuhi lina thamani kuliko la jioni, kwa kuwa ndilo likaushalo maji ya usiku. Usipande katikati ya migomba. Kivuli chake kitaurefusha mti na kuudhoofisha, na matone yaangukayo kutoka majani mapana yataulowesha mwaridi hata baada ya mvua kukoma.

Usipande kwenye mchirizi wa bati, kwa maana maji ya paa huchimba udongo na kurusha matope juu ya majani. Wala usiusonge mti ukutani au uani: uache futi 2 nyuma yake, hewa ipite. Chimba shimo dogo, ulijaze maji. Yakiwa bado yamo kesho yake, mahali hapo hapafai mpaka uinue tuta la futi 1.

4. UDONGO NA MBOLEA

Kila mtu wa Bukoba na Muleba ajua tofauti ya kibanja na rweya. Ardhi ya asili ni moja. Nyingi yake imetokana na mawe ya mchanga, na mvua ya miaka mingi imeiosha chakula na kuifanya kali kwa uchachu. Kibanja kikawa cheusi na chenye rutuba kwa kazi ya watu: samadi ya ng'ombe, majani yaliyokatwa rweya na kutandazwa chini ya migomba, majivu ya jikoni na taka za nyumba, kizazi baada ya kizazi. Udongo wa kibanja, basi, ni akiba iliyowekwa na babu na bibi zetu.

Mwaridi ni mlaji mkubwa. Ukiupanda katika udongo mtupu wa rweya utadumaa. Kwa hiyo wako watu wachukuao madebe kumi ya udongo mweusi kutoka shina la mgomba na kuyapeleka kwenye maua. Twakuonya usifanye hivyo. Mgomba huilisha nyumba, na mbuni hulipa karo. Debe lililotolewa chini yao halirudi lenyewe. Samadi nayo ni haba kwa asiye na ng'ombe, na majani ya rweya yamepungua katika sehemu nyingi, kwa maana rweya hupandwa misonobari na mikaratusi. Ua lipendezalo macho lisiwe sababu ya mkungu kuwa mdogo.

Fanya hivi badala yake. Miezi mitatu kabla ya kupanda, anza rundo la mboji la maua peke yake, futi 4 kwa futi 4, chini ya kivuli. Weka tabaka la magugu yasiyo na mbegu, majani ya kufagia uwanja na nyasi za kando ya njia. Juu yake tabaka la maganda ya mboga na kinyesi cha kuku. Juu yake majivu kidogo na udongo wa kawaida. Rudia mpaka rundo lifike futi 4 kwenda juu. Lifunike lisinyeshewe mno, uligeuze kila wiki tatu. Likiwa jeusi, lenye kumeguka na harufu ya udongo wa msituni, li tayari.

Usitie katika rundo hilo, wala usitandaze kuzunguka mwaridi, majani au vipande vya mgomba vilivyotoka nyumba nyingine. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria ulionekana Muleba mwaka 2006, ukaenea na kuharibu vibanja vingi vya mkoa wa Kagera. Mwaridi hauugui ugonjwa huo, lakini mwenye bustani aweza kuuleta kwake kwa mzigo wa matandazo au kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Uwe na kisu cha maua peke yake, kisichogusa mgomba kamwe. Ukiona ndizi zaiva kabla ya wakati na ndani zimegeuka kahawia, mwarifu bwana shamba mara moja, au uulize katika kituo cha utafiti cha Maruku.

5. KUPANDA KATIKA ARDHI

Panda mwanzo wa mvua, yaani mwisho wa Septemba au mwanzo wa Machi. Chimba shimo la futi 1 na nusu kila upande na kwenda chini. Weka udongo wa juu mbali na ule wa chini. Changanya udongo wa juu na debe moja la mboji na konzi mbili za majivu ya kuni, kwa sababu majivu hupunguza uchachu wa udongo. Usizidishe majivu ukidhani ya kuwa mengi ni bora. Yakizidi, majani hugeuka manjano.

Loweka mche katika maji kwa saa moja. Tandaza mizizi, jaza udongo, ukanyage kwa mguu pole pole. Kama mche umebebeshwa, fundo la kubebesha likae juu kidogo ya udongo. Toka mche hata mche acha futi 2 na nusu. Utaona nafasi ni kubwa mno siku ya kupanda. Mwaka wa pili utaona faida yake, kwa maana hewa itapita katikati na kukausha majani.

Tandaza nyasi kavu unene wa inchi 2, zisiguse shina. Matandazo huzuia matone ya mvua yasirushe udongo wenye ukungu kwenye majani ya chini. Wakati wa kiangazi mwagilia kila mti nusu ya debe mara mbili kwa wiki, asubuhi, juu ya udongo tu. Mwenye kunyunyizia maji juu ya majani jioni huualika ugonjwa kwa mkono wake.

6. KUPANDA KATIKA MADEBE NA VYUNGU

Njia hii ndiyo tunayoisifu zaidi kwa watu wa pwani ya ziwa, kwa sababu mti ulio katika debe waweza kuhamishwa. Aprili ikija, husogezwa chini ya upenu. Juni ikifika, hutolewa juani. Tena haichukui nafasi ya zao lolote.

Chombo kiwe na kina cha futi 1 kwa uchache. Debe lafaa, na ndoo ya lita 20 iliyopasuka mdomo yafaa pia. Usitumie kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu au rangi. Toboa chini matundu sita yenye upana wa kidole kidogo, kisha ukiweke chombo juu ya matofali mawili ili maji yatoke. Mti mwingi wa debe hufa kwa kukosa matundu kuliko kwa kukosa maji. Debe la bati lipakwe chokaa nje, lisishike joto la kuchoma mizizi.

Mchanganyiko wa udongo ni huu: sehemu 2 za udongo wa juu, sehemu 1 ya mboji iliyoiva, na sehemu 1 ya mchanga mkubwa. Jaza mpaka ibaki inchi 2 juu kwa ajili ya kumwagilia. Debe moja mche mmoja.

Kujua kama mti wahitaji maji, tia kidole katika udongo mpaka kiungo cha kwanza. Kukiwa kukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini; kukiwa na unyevu, uache. Mwezi wa Julai huenda ukamwagilia kila siku. Na uangalie jambo hili: mti uliowekwa chini ya upenu wakati wa mvua haupati mvua, basi waweza kufa kwa kiu ilhali nje kunanyesha.

Maji yatokayo chini huchukua chakula pamoja nayo. Kwa hiyo kila baada ya wiki tatu mpe maji ya mbolea: loweka kibaba cha kinyesi cha kuku katika debe la maji kwa siku saba, kisha uyapunguze kwa maji safi mpaka rangi yake iwe kama chai nyepesi. Kila baada ya miaka miwili utoe mti, upunguze mizizi iliyojizungusha, uurudishe katika udongo mpya.

7. KUPOGOA

Pogoa sana mara moja kwa mwaka, mwanzo wa Juni, mvua kubwa zikiisha. Ondoa matawi makavu, membamba, na yale yanayosuguana katikati. Acha manne au matano yenye nguvu, uyafupishe mpaka nusu ya urefu wake. Kata kwa mshazari, robo ya inchi juu ya jicho litazamalo nje. Machipukizi yatatoka katika siku kavu, majani yatakua bila ukungu, na baada ya wiki 6 hadi 8 mti utajaa vishada. Pogoa kidogo tena mwezi wa Januari, ili uchanue kabla ya mvua za Machi.

Kati ya nyakati hizo, kishada kikinyauka kikate chote mpaka jani la kwanza lililo kamili. Mti ulioachiwa maua makavu hutunga tunda, hauharakishi ua jingine. Chipukizi litokalo chini ya fundo la kubebesha ni la mti mwingine. Ling'oe, usilikate tu.

8. MARADHI NA WADUDU

Madoa meusi. Huanza majani ya chini: doa jeusi lenye kingo zilizochanikachanika, jani likageuka manjano na kuanguka. Okota kila jani lililoanguka, ulichome moto. Usilitie katika mboji. Majani yote yaliyo chini ya inchi 6 kutoka ardhini yaondolewe kabla ya Machi. Dawa ya shaba hukinga jani lililo zima, haiponyi lenye doa. Kwa hiyo hutumiwa mvua zinapoanza.

Unga mweupe juu ya majani machanga. Huu ni ukungu wa siku kavu zenye usiku wa baridi. Kata ncha zilizoshikwa. Salfa husaidia, lakini usiipulizie katika jua kali.

Vidukari. Hukusanyika juu ya matumba. Wafute kwa vidole, au uwaoshe asubuhi kwa maji yenye sabuni kidogo. Usiwaue wadudu wenye mabawa mekundu yenye madoa meusi, kwa maana hao huwala vidukari.

Ukitumia dawa yoyote, soma maandishi ya chupa, vaa glavu, funika pua na mdomo, uwaweke watoto na kuku mbali. Usioshe bomba la dawa ziwani wala kwenye kijito. Wako wanaochota maji hapo.

9. KUZIDISHA MICHE

Kata tawi lililokwisha kutoa maua, lenye unene wa penseli na urefu wa inchi 7. Ondoa majani, uache mawili ya juu. Zika theluthi mbili zake katika mchanga uliochanganywa na mboji kidogo, kivulini, udongo usikauke. Mizizi hutoka baada ya wiki 4 hadi 8. Panda vipandikizi kumi ukitaka sita. Miche ya ziada waweza kuuza au kumpa jirani. Lakini jua ya kuwa Tanzania ilitunga mwaka 2012 sheria ya kulinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, basi aina mpya iliyolindwa haiuzwi bila ruhusa ya mwenyewe.

MASWALI KWA MSOMAJI

1. Kwa nini jua la asubuhi lina faida kwa mwaridi kuliko la jioni?
2. Kwa nini tusichukue udongo mweusi chini ya mgomba?
3. Kisu cha kupogolea maua kisiguse mti gani, na kwa sababu gani?
4. Mti ulio chini ya upenu wawezaje kufa kwa kiu mwezi wa Aprili?
5. Tupogoe sana mwezi gani, na maua yatarajiwe lini?

Mwenye kuyajibu haya bila kuitazama karatasi yuko tayari. Na aanze na rundo la mboji, kabla ya kutafuta mche.